Waipa za Mwendo wa Tisini

Mshonaji alisimama mbele ya ukuta wa waipa kama mtu aliyetumwa sokoni kununua kitu asichowahi kukionja. Kuanzia kaunta hadi dari zilining'inia waipa ndefu na fupi, nene na nyembamba, zenye fremu ya chuma na zisizo na fremu, kila jozi ndani ya boksi lenye picha ya gari linalokata maji. Mkononi alikuwa na kikaratasi cha vipimo: upande wa dereva inchi ishirini na nne, upande wa abiria inchi kumi na sita. Alikuwa amepima mwenyewe asubuhi ile ya Jumamosi kwa utepe wake wa kushonea, maana katika mambo ya vipimo hakuamini macho ya mtu mwingine.

"Sema shida yako, mama," alisema mwenye duka. Mtaa mzima ulimwita Msomi, kwa sababu alivaa miwani yenye kamba na hakuweza kuuza hata balbu ya indiketa bila kutoa somo.

"Nataka waipa za mvua kubwa na mwendo wa kasi."

"Waipa zote ni za mvua, mama. Jua halifutwi."

Wanaume wawili waliokuwa wakingoja fenibelti wakacheka. Mshonaji aliwaacha wamalize.

"Mvua kubwa," alirudia. "Na mwendo wa tisini. Tulizo nazo zinafuta vizuri gari likienda polepole. Likikimbia, zinaacha maji, dereva haoni."

"Si apunguze mwendo? Haraka haraka haina baraka."

"Na ngojangoja huumiza matumbo," alijibu Mshonaji. "Huyu wangu haumwi tumbo. Anaumwa figo."

Hapo hata wale wa fenibelti walitazama chini.

Mambo yalikuwa hivi. Wifi yake, dada wa marehemu mume wake, alikuwa amekufa figo zote mbili, na kila Jumanne na Ijumaa alipaswa kuwekwa kwenye mashine ya kusafisha damu. Mashine zilikuwa hospitali ya mbali, kilomita mia moja na ishirini za barabara kuu. Kiti chake kilikuwa cha saa tatu asubuhi. Gari la marehemu lilikuwepo, lakini Mshonaji hakujua kuendesha. Aliyejua ni shemeji yake, mdogo wa mwisho wa familia ile, ambaye walimwita Rubani. Naye Rubani alikuwa akikanda unga usiku kucha kwenye kiwanda cha mikate, akitoka kazini saa moja kamili na unga kwenye nyusi. Huwezi kumtoa mtu kazini kabla ya saa yake kwa kuwa wewe una mgonjwa. Walijaribu, msimamizi akasema mkate nao una wagonjwa wake. Basi kutoka saa moja, toa nusu saa ya foleni ya kuuacha mji, kilichobaki hakikutosha kwa mwendo wa sitini. Kilitosha kwa mwendo wa tisini. Jua likiwaka, walifika na dakika za kunywa maji. Lakini masika yalikuwa yameingia, na wiki iliyopita walichelewa, nesi akapiga alama nyekundu mbele ya jina la Wifi. Alama tatu, kiti kinapewa mwingine. Watu kumi na wawili walikuwa wakikisubiri, na mtu aliyerudishwa mwisho wa foleni ile hakuwa na hakika ya kufika mwanzo wake.

Msomi alipanda kingazi chake, akashusha maboksi matatu, akayapanga kaunta kama mwalimu anayepanga chaki.

"Sikiliza. Hii ya kwanza ina fremu ya chuma. Imara, lakini upepo unaingia kwenye haya matundu, gari likikimbia inayumba. Hii ya pili ni bapa, haina fremu, upepo unapita juu. Hii ya tatu ni bapa yenye bawa. Unaliona hili bawa la mpira mgongoni? Upepo unaligonga bawa, bawa linakandamiza waipa kwenye kioo. Kadiri unavyokimbia ndivyo inavyobana."

Mshonaji aliichukua ile ya tatu. Aliupinda mpira kama anavyopinda kitambaa kabla ya kukata, akapitisha kidole kwenye ukingo kutafuta mkwaruzo. Mpira ulikuwa laini, ukingo umenyooka. Akauliza kama mpira ule utavumilia jua la kiangazi. Akauliza kama ndoano yake inaingia kwenye mkono wa gari lao. Akauliza tena habari ya bawa, na Msomi akaeleza tena, safari hii polepole, kwa sauti ya mtu anayemfundisha mtoto kuhesabu. Alielewa mara ya kwanza. Alitaka tu kusikia kama atasema vilevile mara ya pili.

"Nipe hiyo," alisema.

Nje, Rubani alikuwa amelala kwenye kiti cha dereva, kofia imemfunika uso. Fundi wa magari mwenye kibanda ng'ambo ya duka alikuja akichomoa waipa za zamani, akachomeka mpya, tak, tak, kisha akachota maji kwa kopo kwenye pipa na kuyamwaga kwenye kioo.

"Rubani, washa."

Rubani aliwasha bila kuondoa kofia usoni. Waipa zilikwenda na kurudi bila sauti, kioo kikabaki kama hakijawahi kulowa. Fundi akamwaga kopo la pili, kioo kikang'aa. Hivyo ndivyo waipa zilivyopimwa pale tangu kibanda kile kijengwe: gari limesimama, kopo moja, kopo la pili, nenda salama.

"Na gari likikimbia?" aliuliza Mshonaji.

"Mama, maji ni yaleyale," alisema fundi.

Neno lile lilimkaa vibaya, kama pini iliyosahaulika kwenye pindo. Lakini kioo kilikuwa safi mbele ya macho yake, na yeye si mtu wa magari. Akapanda, wakaondoka.

Jumanne mvua ilianza kabla Rubani hajafika nyumbani. Mshonaji alikuwa amemfunga Wifi blanketi miguuni, miguu iliyovimba kama mikate ya mdogo wake Rubani, akamweka kiti cha nyuma na mto mgongoni. Yeye alikaa mbele, kushoto kwa dereva. Akasali sala yake fupi ya safari, akamkabidhi Mungu gari na waliomo.

"Ameen," alisema Wifi kutoka nyuma. "Na zile waipa ulizozipima kwa utepe, wifi, umezipiga na pasi?"

"Nimezitia vifungo pia."

"Ndiyo maana kaka yangu alikupenda. Hata chura ungemshonea suruali."

Walitoka mjini. Barabara ilinyooka, Rubani akakanyaga mafuta. Mvua haikuwa ya kushuka. Ilikuja kwa ubavu, na malori yaliyopishana nao yaliwamwagia beseni baada ya beseni. Kwa hamsini kioo kilikuwa safi. Kwa sitini kilikuwa safi, Mshonaji akaanza kuilegeza mikono aliyokuwa ameikunja mapajani. Kwa sabini ukaja mlio, trrr, trrr, kama cherehani iliyokaukiwa mafuta. Kwa themanini waipa ziliinuka.

Aliziona kwa macho yake. Hazikuwa zimeharibika, hazikulegea. Ziliinuka tu kutoka kwenye kioo, zote mbili, zikaenda na kurudi hewani kama mtu anayepungia wasafiri, na chini yake maji yakatiririka bila kuguswa. Mbele yao kukawa na ukuta mweupe na ndani yake taa mbili nyekundu zisizojulikana ziko umbali gani.

"Punguza," alisema Mshonaji.

"Napunguza, shemeji, unafikiri nafanya nini?"

Kwa sitini zililala tena, zikafuta kama hazikufanya kosa lolote. Rubani akajaribu tena: sabini, mlio, themanini, hewani. Mara ya tatu, vilevile. Mshonaji alihesabu zote. Waipa za zamani zilikuwa zikiacha michirizi. Hizi mpya, za mwendo wa kasi, zenye bawa, zilikuwa mbaya zaidi kwa mwendo uleule ambao zilinunuliwa kwa ajili yake.

"Kioo kina mafuta," alisema Rubani.

"Kingekuwa na mafuta, kwa sitini pia kisingefutika."

"Basi ni barabara."

"Barabara imeinua waipa?"

"Shemeji, mimi nimekanda unga usiku kucha. Niache niendeshe."

Wakaenda kwa sitini. Magari yaliwapita moja baada ya jingine, hata basi bovu lililoinama upande mmoja liliwapita, na Wifi akalipungia mkono. "Wasalimieni huko hospitali," alisema. "Waambieni figo zinakuja kwa miguu."

Nesi wa chumba cha mashine hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na daftari la jalada la bluu, na saa ya ukutani, na mashine sita kwa watu wengi. Alitazama saa, tatu na dakika thelathini na mbili, akachukua kalamu nyekundu.

"Robo saa nawavumilia, mama, mnajua. Leo nimempa nusu ya muda, hao wa mchana nao wana damu." Akapiga alama ya pili. "Ikitokea tena Ijumaa, si mimi ninayeamua."

"Mvua, sista."

"Mvua inanyesha kwa wote."

Mshonaji alitaka kumwambia habari ya themanini na sitini, ya waipa zinazopunga mkono, lakini aliona jinsi maneno yale yatakavyosikika, akayameza. Aliketi dakika chache kando ya Wifi, akatazama damu ikipita kwenye mirija. Wifi alikuwa amefumba macho. Alipokuwa na alama moja alitania sana. Sasa kwa mbili alikuwa kimya, na kimya chake kilimuumiza Mshonaji kuliko kejeli zake zote.

Mvua ilipokatika alitoka uani, yalikoegeshwa magari. Rubani alikuwa amelala garini, mdomo wazi. Mshonaji akasimama mbele ya gari, akaitazama waipa ya dereva ilivyolala chini ya kioo. Akaliangalia bawa. Upande mmoja lilikuwa na mteremko mpole, upande wa pili ukingo uliosimama. Mteremko ulitazama paa. Ukingo ulitazama mbele, kwenye boneti, huko upepo unakotoka.

Akasogea kwenye gari la jirani. Waipa zake zilikuwa na bawa pia, mteremko umetazama mbele. Akasogea la tatu. La tatu lilikuwa na za fremu, hazikumsaidia. La nne, mteremko mbele. La tano, mbele. Alikuwa ameinama kwenye gari la sita, moja jeusi linalong'aa, akiinua waipa kwa vidole viwili, alipokohoa mtu nyuma yake.

"Mama," alisema mlinzi, "hilo ni gari la daktari mkuu."

"Nimeliona ni zuri."

"Na waipa zake umeziona ni nzuri?"

"Zake ziko sawa. Za kwetu ndizo zimegeuzwa."

Mlinzi aliitazama mikono yake, akautazama mkoba wake, akatazama gari la daktari mkuu. "Nimefanya kazi hapa miaka saba," alisema. "Wezi wa vioo nimewaona, wezi wa vifuniko vya magurudumu nimewaona. Lakini mama mtu mzima anayeiba waipa kwa kuinama inama, huyo bado."

"Fungua mkoba," alisema Mshonaji akimpa.

Mlinzi aliufungua. Ndani mlikuwa na kitabu cha sala, kitambaa, kipande cha boksi, chupa ya maji na utepe wa kupimia. Aliutazama ule utepe kwa muda mrefu kuliko vyote. Kisha akamsindikiza hadi kwenye gari lao, akasimama kando hadi alipoingia, kama anayemrudisha mbuzi zizini.

Mshonaji hakujali. Alikaa ndani akiitazama waipa kupitia kioo, na jambo lilikuwa limemkaa wazi kichwani. Aliwahi kumfundisha kazi msichana mmoja ambaye kila mara alishona mkono wa kushoto kwenye bega la kulia. Nguo ikitundikwa ukutani huoni kosa lolote. Mvae mtu, asimame wima, bado huoni. Mwambie ainue mkono, hapo ndipo inapovuta kwapani na kupanda mgongoni. Waipa hizi zilikuwa mkono wa kushoto kwenye bega la kulia. Zilitengenezwa kwa magari ambayo dereva hukaa upande mwingine, na waipa zake hulala zikitazama upande mwingine. Gari likisimama, kopo la maji halioni kosa. Gari likikimbia, upepo unaingia chini ya ukingo na kuziinua.

Jioni ile ile walipita dukani kabla halijafungwa. Wifi alibaki garini, akiwa ameegemea mto.

"Zimeruka," Mshonaji alimwambia Msomi. "Kwa themanini."

Msomi akatoka nje na kopo. Akamwaga maji, Rubani akawasha, kioo kikang'aa. Akamwaga tena. "Kasoro iko wapi, mama?"

"Gari limesimama."

"Kwa hiyo nikimbie na kopo nikilifuata gari?"

Fundi naye alikuja, akashika mkono wa waipa, akauvuta na kuuachia. "Springi imechoka," alisema. "Nikiikunja kidogo itabana."

"Springi mbili zimechoka siku moja, kwa mwendo mmoja?" aliuliza Mshonaji. "Ebu tazama bawa. Limelala nyuma mbele."

"Hakuna nyuma wala mbele," alisema Msomi. "Waipa ni waipa. Mama, mimi nauza spea mwaka wa ishirini huu. Wewe unashona. Mimi nikija kwako kukwambia sketi imegeuka, utanielewaje?"

"Nitaigeuza niitazame. Halafu nitakujibu."

Msomi alivua miwani, ikabaki inaning'inia. Mshonaji alitoa kwenye mkoba ubavu wa boksi la waipa, aliokuwa ameukata siku ya kununua kwa kuwa hakupenda kutupa karatasi nzuri, akauweka kwenye boneti. Pembeni ya picha ya gari linalokata maji kulikuwa na vichoro viwili vidogo kama kucha: usukani upande wa kushoto, wenye alama ya ndiyo, na usukani upande wa kulia, umepigwa mkasi, alama ya hapana.

Fundi aliinama. Rubani alitoa kichwa dirishani. Msomi alivaa tena miwani, akatazama, na Mshonaji aliona jinsi shingo yake ilivyobadilika rangi kuanzia kwenye kola kwenda juu.

"Hiyo ni picha tu," alisema, lakini kwa sauti ya chini. Kisha akasema, "Zilikuja mchanganyiko, kwenye shehena moja." Kisha, "Hakuna aliyewahi kulalamika."

"Kwa sababu mnawapima kwa kopo."

Fundi alijaribu kuichomoa waipa na kuichomeka kinyume. Ndoano ilikataa, ilikuwa na mdomo wa upande mmoja tu. Akasukuma zaidi, Mshonaji akamshika mkono kabla hajaivunja. Msomi aliingia ndani, wakamsikia akipangua maboksi, jozi baada ya jozi, akinung'unika. Ilipita nusu saa. Alirudi na waipa moja isiyo na boksi, inchi ishirini na nne, bawa lake limelala sawa.

"Moja?"

"Moja ya dereva. Ya kumi na sita sina. Ninayo ya kumi na nane, za fremu na za bapa."

Walijaribu ya kumi na nane. Kwa kopo la kwanza tu ikagongana na ya dereva katikati ya kioo, zikashikana kama mbuzi wanaopigana pembe. Fundi akaitoa.

"Basi nirudishieni ile ya zamani ya upande wangu," alisema Mshonaji. "Ilikuwa inaacha michirizi, lakini haikuruka."

Fundi alijikuna kichwa. "Mpira wake nimeukata, mama. Nimezibia mlango wa friji ya mke wangu."

Mshonaji alifumba macho. Alimwomba Mungu amzuie ulimi, na Mungu akamzuia, lakini kwa shida. Kwa miaka yote aliyoshona, mtu akija kulalamika kwamba nguo inambana, hakuwahi kumwambia mwili wake ndio wenye kosa. Hapa alikuwa amezungukwa na wanaume watatu wenye miaka ya kazi, na kila mmoja alikuwa na jibu kabla hajatazama. Hasira yenyewe haikuwa kwamba walikosea. Kukosea, nani hakosei. Ni zile siku nne zilizopotea, na alama moja nyekundu isiyofutika kwa waipa yoyote.

"Weka hiyo moja," alisema. "Ya kwangu acha hivyohivyo."

"Maduka ya mjini kati watakuwa nazo," alisema Msomi akimtazama pembeni. Hakusema pole. Alimfutia tu maji kwenye boneti kwa mkono wa shati lake, mahali pasipohitaji kufutwa.

Jumatano na Alhamisi Mshonaji aliyapitia maduka matano. La kwanza hawakuwa na kipimo kile. La pili walikuwa nazo, za usukani wa kushoto, na muuzaji akamwapia kwa watoto wake kwamba hakuna tofauti. La tatu na la nne hawakumruhusu kufungua boksi. La tano walimwambia arudi Jumatatu. Ijumaa haikungoja Jumatatu.

Asubuhi ya Ijumaa mawingu yalikuwa yamekaa juu ya mapaa kama mifuko ya simenti. Rubani alifika saa moja na dakika nne, akaingia bila kunawa. Mshonaji alisali, safari hii akatia neno jingine: alimwambia Mungu kwamba yeye ameshafanya la mkono wake, na ambalo hakulifanya ni kwa sababu maduka hayakuwa nalo, si kwa uvivu.

Walipotoka tu mjini, mbingu zikafunguka.

Sitini. Sabini. Alisikia mlio, akainama kutazama upande wa Rubani. Kimya. Mlio ulitoka upande wake. Themanini, na waipa yake ikanyanyuka, ikaanza kupunga. Lakini ile ya dereva ililala kwenye kioo, ikabana, ikafuta upinde mmoja safi baada ya mwingine. Tisini, ikabana zaidi. Kila kitu ambacho Msomi alikisema juu ya bawa kilikuwa kweli. Ndicho kilichomuudhi zaidi: mtu alijua somo lote, akauza kinyume chake.

Kisha Mshonaji aligundua kwamba yeye haoni.

Mbele yake palikuwa na weupe mtupu unaotiririka. Si barabara, si lori, si mstari wa katikati. Tangu mume wake afariki, kila safari aliyokaa kiti kile aliilinda kwa macho: aliona shimo kabla ya Rubani, aliona ng'ombe kabla hajavuka, aliona lori likiwasha indiketa. Sasa alikuwa kama mtu aliyefunikwa shuka usoni na kuambiwa atulie. Aliinamia upande wa dereva ili apate kipande cha kioo chake.

"Shemeji, bega lako liko kwenye gia."

Akarudi. Weupe. Kitu kikubwa kilinguruma upande wa kulia, kikamwaga maji, kikapita.

"Unaona?" aliuliza.

"Naona."

"Hilo lilikuwa nini?"

"Lori. Limekwenda zake."

Akavumilia kwa muda wa sala moja. "Unaona bado?"

"Shemeji, ukiniuliza tena nasimamisha gari nije nikuandikie barua."

"Wifi," sauti ya Wifi ilitoka nyuma, nyembamba, imekauka, "mwache mtoto wa mama yangu aendeshe. Akitugonga utajua tu, huhitaji kuuliza."

Mshonaji akageukia mbele. Mguu wake wa kulia ulikanyaga sakafu ya gari, mahali ambapo kungekuwa na breki kama angekuwa dereva, akaukandamiza hapo. Aliukandamiza kwenye kona asizoziona. Aliukandamiza kila Rubani alipopita gari jingine, akihesabu kimya hadi gari linyooke. Waipa yake ilipunga, ikapunga. Aliichukia kama mtu anavyomchukia binadamu mwenzake, na akaomba msamaha kwa hilo pia, kwa sababu ni chuma na mpira.

Gari lilipunguza mwendo. Waipa ikalala, ikafuta kioo mara moja, na mbele yake likatokea geti la hospitali, na mlinzi yuleyule ndani ya koti la mvua, akimtazama yeye na kisha magari yaliyoegeshwa.

Saa ya ukutani ilisema tatu na dakika kumi na moja. Nesi alikuwa amefungua daftari la bluu na kalamu nyekundu ilikuwa mkononi, haijafunguliwa kifuniko. Aliitazama saa. Akamtazama Wifi aliyekuwa kwenye kiti cha magurudumu, kisha Mshonaji aliyekuwa akikisukuma. Akairudisha kalamu kwenye kikombe.

"Kiti namba nne," alisema.

Walimlaza Wifi, wakamfunga mirija. Mshonaji alisimama miguuni pake, akashika chuma cha kitanda, na mguu wake wa kulia ukaanza kutetemeka kuanzia gotini, mbio, peke yake, hata kandambili ikawa inagonga sakafu. Aliukandamiza, ukaendelea. Nesi alisikia, akageuka.

"Mgonjwa ni yupi kati yenu?" aliuliza.

"Mimi ndiye wa mashine," alisema Wifi bila kufungua macho. "Huyu ni wa waipa. Mpe kiti."

Nesi alileta kiti cha plastiki. Mshonaji aliketi. Nje mvua ilikuwa bado inamiminika kwenye mabati, na baada ya muda wa masaa manne walipaswa kurudi kwa barabara ileile, yeye kwenye upande ule ule. Alitoa kikaratasi chake cha vipimo, akakinyoosha juu ya paja linalotetemeka. Inchi ishirini na nne aliikata kwa mstari. Inchi kumi na sita ilibaki.